Mchanga, Mkorosho na Serikali: Historia ya Kilimo cha Masasi na Newala

Kati ya mto Lukuledi upande wa kaskazini na mto Ruvuma upande wa kusini, katika pembe ya kusini-mashariki ya Tanzania, imeinuka nchi ya juu iitwayo kwa jina la wenyeji wake: Uwanda wa Makonde. Kutoka pwani ya Mtwara na Mikindani uwanda huu hupanda polepole kuelekea magharibi, hata msafiri asitambue kuwa anapanda, mpaka afike Newala. Hapo nchi hukatika ghafla. Mahali wenyeji wanapopaita Shimo la Mungu, genge huporomoka mamia ya mita hadi bondeni, na jicho huona mbali, ng'ambo ya Ruvuma, hadi nchi ya Msumbiji. Nje ya ukingo huo, kaskazini-magharibi, ndiko iliko Masasi, nchi ya chini yenye majabali makubwa yaliyosimama moja moja kama visiwa juu ya maji yaliyotulia.

Newala na Masasi ni majirani, lakini ardhi haikuwagawia sawa. Masasi ina mabonde, vijito na visima. Newala ina mchanga, tena mchanga wenye kina kirefu, na mvua ya msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili, hunywewa na mchanga huo papo kwa papo. Juu ya uwanda hapana mto wa kudumu. Maji yanayopotea juu hutokea chini, kwenye chemchemi za mabonde yaliyouzunguka uwanda, na kwa vizazi vingi wanawake wa Newala walishuka genge na kulipanda tena, mtungi kichwani, ili nyumba ipate maji ya kunywa na kupikia.

Nchi ya namna hii ni mwalimu mzuri wa swali moja la kale: katika kilimo, ni kipi kinachoamua, ardhi au serikali? Mara nyingi makosa ya watawala hutwikwa ardhi, na fadhila za ardhi hudaiwa na watawala. Masasi na Newala zinatoa ushahidi ulio adimu kupatikana kwingine, kwa sababu hapo ardhi ilibaki ile ile, na kwa sehemu kubwa miti nayo ilibaki ile ile, ilhali mavuno yalipanda, yakaanguka, kisha yakapanda tena.

Nchi iliyochaguliwa

Mtu angeweza kuuliza: kwa nini watu walikaa juu, pasipo na maji, wakaacha mabonde yenye maji? Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alifika Masasi kisha akakaa Newala kwa muda, akiandika mila za watu na kuzinasa nyimbo zao kwa santuri za nta. Miongoni mwa aliyoyasikia ni kisa cha asili ya Wamakonde. Mtu mmoja aliyekuwa peke yake porini alichonga sanamu ya mwanamke kwa mti. Usiku ukapita, asubuhi sanamu ikawa mwanamke hai. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa karibu na maji, akafa. Wakasogea juu kidogo. Wa pili naye akafa. Wakapanda hadi juu kabisa, kwenye kichaka kikavu, na wa tatu akaishi. Tangu hapo wazee wakausia kwamba watu wasijenge penye mabonde ya maji, kwani huko ndiko kwenye maradhi.

Kisa hicho kina hekima ya afya ndani yake, maana mabonde ya maji ni makao ya mbu. Lakini kilikuwa na sababu nyingine pembeni yake. Karne ya 19 ilikuwa karne ya misafara ya watumwa kuelekea Kilwa na ya mashambulizi ya Wangoni, ambao watu wa huko waliwaita Magwangwara. Kichaka kinene cha uwanda, kisichopenyeka ila kwa njia za wenyeji, kilikuwa boma lisilojengwa kwa mikono. Watu walisambaa humo katika vijiji vidogo vidogo, wakafyeka, wakapanda mtama, mahindi na muhogo, na ardhi ilipochoka wakaiacha irudi kichakani. Walilipa ghali kwa maji, wakanunua usalama.

Masasi nayo ilichaguliwa, na hapo visiwa vyetu vinaingia moja kwa moja katika habari hii. Mwaka 1876, miaka mitatu baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa, Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kusimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini, aliongoza msafara wa watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja. Nia ilikuwa kuwarudisha karibu na kwao, kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliiona ardhi njema na maji yapo, wakataka wakae hapo hapo, na wakakaa. Mwaka 1882 Magwangwara waliivamia Masasi, na sehemu ya misheni ikahamia Newala. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikaifikia tena Masasi, na misheni ikateketezwa.

Hivyo basi, kabla ya serikali yoyote kutoa amri ya kilimo, watu wa pande hizi walikuwa tayari wamekwisha kuisoma ardhi yao na kuamua. Aliye juu alijua kwa nini yuko juu, na aliye chini alijua hatari ya kuwa chini. Jambo hili inafaa likumbukwe, kwa kuwa wote waliokuja baadaye na ramani mkononi walianza kana kwamba hapakuwa na uamuzi uliotangulia.

Mti uliokuja na bahari

Mkorosho si mti wa Afrika. Asili yake ni kaskazini-mashariki ya Brazili, na waliouleta katika pwani ya Msumbiji ni Wareno, katika karne ya 16. Jina la kanju, ambalo watu wa visiwani hulitumia kwa tunda lake, linabeba safari hiyo ndani yake. Wareno walisema caju, nao walilipokea kwa Wahindi Wekundu wa Brazili. Watu wa Mtwara huliita tunda hilo bibo, na mabibo yakiiva hukamuliwa uraka.

Kwa nini mti huu wa kigeni uliipenda Newala kuliko mimea mingi ya kienyeji? Jibu liko mchangani. Mizizi ya mkorosho huenda chini sana kutafuta unyevu ambao mtama na mahindi hayawezi kuufikia. Mti hauhitaji ardhi ya rutuba nyingi. Unachohitaji ni kiangazi cha kweli: mvua iishe, kusi livume, maua yachanue katika miezi mikavu, na korosho zikomae kabla ya mvua ya masika kurudi. Yale yaliyokuwa mapungufu ya uwanda, yaani mchanga usioshika maji na miezi mingi bila mvua, kwa mkorosho yaligeuka kuwa sifa. Na kwa kuwa muhogo na mazao mengine ya chakula hupandwa kati ya mikorosho ingali michanga, mkulima hakulazimika kuchagua kati ya fedha na chakula.

Kuna jambo la pili ambalo asiyelijua hawezi kuielewa historia iliyofuata. Korosho nzuri haichumwi mtini. Bibo likiiva huanguka lenyewe, na korosho huokotwa chini na kutenganishwa na tunda lake. Kwa hiyo shamba lazima liwe safi chini ya miti kabla ya msimu, na lazima mwenyewe awe karibu, apite kila siku chache. Palizi ikikosekana, korosho hupotea majanini. Moto wa kiangazi ukipita katika majani hayo, hupotea na mti. Mkorosho ni mvumilivu wa ukame, lakini si mvumilivu wa kutelekezwa.

Mti huu ulileta pia mabadiliko ambayo hayaonekani kwa macho. Shamba la mtama hurudi kichakani baada ya miaka michache, lakini mkorosho hudumu miongo. Aliyepanda alikuwa ameweka alama ya kudumu juu ya ardhi, akawa na kitu cha kurithisha na, siku ya dhiki, cha kuweka rehani.

Zao mbili, miaka ile ile

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Kiingereza iliamua kwamba kusini kutatoa mafuta ya kula kwa ajili ya Uingereza. Mwaka 1947 ulianza mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea, jirani wa karibu wa Masasi, ikawa mojawapo ya vituo vyake vitatu pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yaliletwa, misitu ikang'olewa, bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara na reli ikatandazwa kuelekea bara. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zikawa zimekwenda na upepo. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mpango ule ulikuwa umekadiriwa kwa haraka, mengi yakitazamwa kutoka angani, na udongo, mvua na magonjwa ya mimea vikaachwa vijulikane baadaye.

Katika miaka hiyo hiyo, na karibu na hapo hapo, watu wa Newala na Masasi walikuwa wakipanda mikorosho kwa jembe la mkono. Serikali iliwahimiza, wafanyabiashara wa Kihindi walinunua na kupeleka korosho ghafi India zikabanguliwe, lakini gharama ya kupanda waliibeba wakulima wenyewe. Mwaka 1945 nchi ilitoa kiasi cha tani 7,000 za korosho. Msimu wa 1973/74 ilitoa tani 145,000, sehemu kubwa ikitoka mikoa ya kusini. Hapakuwa na trekta, wala hapakuwa na shirika kubwa lililosimamia upandaji ule. Palikuwa na mti ulioafikiana na mchanga, mkulima aliyeishi chini ya mti wake, na mnunuzi aliyefika mlangoni na fedha mkononi.

Wakati huo huo lilikuja jambo jingine ambalo uwanda ulilihitaji kuliko zao lolote. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa maji wa Makonde, wa kuyasukuma maji ya chemchemi za mabondeni hadi juu ya uwanda, na wananchi wakayanunua kwa ndoo. Baada ya uhuru maji yalifanywa bure, kwa nia njema isiyo shaka, lakini mitambo ikakosa fedha ya kuitunza, na miaka mingi mifereji ilikauka. Ndoo iliyolipiwa ilikuwa na maji. Ndoo ya bure mara nyingi ilirudi tupu.

Mwaka wa kuhama

Baada ya uhuru ununuzi wa korosho ulitolewa mikononi mwa wafanyabiashara binafsi ukakabidhiwa vyama vya ushirika na bodi za serikali. Mwaka 1973 iliundwa Mamlaka ya Korosho Tanzania, maarufu kwa kifupi CATA. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mamlaka ikabaki na mkulima ana kwa ana. Wasomaji wa Unguja na Pemba hawana haja ya kuelezwa hali hii kwa kirefu. Wanaijua kwa karafuu, tangu Shirika la Biashara la Taifa lilipokuwa mnunuzi pekee. Mnunuzi akiwa mmoja, bei huwa ile aliyoipanga yeye, na mwenye zao hubaki na hiari mbili tu: kuuza kwa bei hiyo, au kupunguza jasho lake. Mpemba alikuwa na hiari ya tatu, yaani magendo ya baharini. Mtu wa Newala alikuwa na Ruvuma, na ng'ambo ya Ruvuma palikuwa na vita.

Vita hivyo vya ukombozi wa Msumbiji, vya 1964 hadi 1974, ni sehemu ya habari hii. Mpakani mabomu yalitegwa na watu walihofia majeshi ya Wareno; kwa hiyo mkoa wa Mtwara ulitangulia mikoa mingi katika kuwakusanya watu vijijini. Kisha Operesheni Vijiji ya 1974 na 1975 ikakamilisha kazi. Mgala muue na haki yake umpe: vijiji vilileta shule, zahanati na barabara kwa watu waliokuwa wamesambaa vichakani, na wengi waliosoma katika mkoa huo walisoma kwa sababu hiyo. Hata hivyo mipango ya vijiji iliandikwa kana kwamba mashamba yote ni ya mahindi, ambayo mtu akihama huyaacha leo na kuyapanda pengine mwakani. Mikorosho haikuweza kuhama. Mkulima aliwekwa kilomita kadhaa mbali na miti ambayo korosho zake huokotwa chini, siku baada ya siku, katika shamba safi.

Kilichofuata kilitabirika kwa yeyote aliyeujua mti. Palizi ilipungua, majani yakamea, moto ukapita, na korosho zilizookotwa zikawa chache. Bei nayo haikumvuta mtu kuifuata miti ya mbali. Mwaka 1979 mchumi Frank Ellis alichapisha uchambuzi wa anguko hilo, na uhamiaji wa vijijini pamoja na bei ndogo ya mkulima vilikuwa kiini cha mjadala. Uzalishaji uliendelea kushuka mwaka hadi mwaka, na msimu wa 1986/87 nchi nzima ilitoa chini ya tani 20,000. Mchanga haukubadilika, wala mvua haikuhama. Mikorosho mingi ilikuwa bado imesimama.

Viwanda bila korosho

Katika kipindi hicho hicho cha kushuka, serikali ilijenga viwanda vya kubangua. Wazo lilikuwa sahihi: kwa nini korosho ya Newala ivuke bahari ikiwa na ganda lake, ikampe kazi mtu wa Kerala, na faida ibaki huko? Kwa mikopo, ikiwemo ya Benki ya Dunia, na kwa mitambo ya Italia na Japani, vilijengwa viwanda 12, Masasi na Newala vikiwamo, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Vilikadiriwa kwa mavuno ya 1973/74. Vilipokuwa tayari, mavuno hayo hayakuwapo tena. Baadhi ya viwanda vilifanya kazi kidogo, vingine havikufanya kazi kabisa, na deni likabaki. Miaka ya baadaye viliuzwa kwa watu binafsi, na vingi vikawa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli ya kwenda India, safari ile ile vilivyojengwa kuikomesha.

Lililokosekana hapo si mashine. Kubangua korosho ni kazi ngumu, kwa kuwa ganda lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na punje ikivunjika thamani yake hushuka. India mikono ya wanawake wengi waliozoea kazi hiyo ilitoa punje nzima kuliko mitambo mingi. Wanawake wa Masasi na Newala nao walijua kubangua kwa moto na jiwe nyumbani, lakini ujuzi huo haukuingizwa katika mpango. Serikali ilinunua mitambo kwanza, kisha ikatafuta korosho za kuilisha.

Ubwiriunga, salfa na kangomba

Mwishoni mwa miaka ya 1970 liliingia pigo ambalo halikutoka kwa serikali: ugonjwa wa ubwiriunga, ukungu mweupe unaoshika machipukizi na maua. Hapa jiografia ilionyesha upande wake wa pili. Asubuhi za baridi na umande za Juni hadi Agosti, katika uwanda wa juu, ndizo zinazoulea ukungu huo, na ndizo hizo hizo siku za maua. Miti iliyosongamana bila kupogolewa, katika mashamba yaliyoachwa, iliufanya ugonjwa uwe mkubwa zaidi. Watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, walithibitisha kwamba unga wa salfa, ukipulizwa mara kadhaa tangu maua yanapoanza, unaokoa mavuno.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 mambo kadhaa yalikutana. Watu waliruhusiwa kurudi kwenye mashamba yao ya zamani, salfa ikapatikana, na tangu msimu wa 1991/92 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mikorosho iliyodhaniwa imezeeka ikazaa. Kufikia msimu wa 1999/2000 nchi ilikuwa imerudi kwenye kiasi cha tani 120,000. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi kuliko huo: kilichokuwa kimekufa hakikuwa mti.

Lakini soko huria nalo lilikuja na msumari wake. Salfa hununuliwa Mei na Juni, wakati mkulima hana fedha, kwa kuwa mavuno ni Oktoba. Hapo ndipo alipojitokeza mtu wa kangomba, anayetoa fedha kidogo mapema na kudai korosho nyingi baadaye, kwa kipimo chake mwenyewe kisicho mizani. Bei ya dunia ikiporomoka, kama ilivyoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwenye kangomba hupata hasara ndogo na mwenye shamba hupata hasara yote. Kalenda ya mti, yaani salfa kabla ya fedha, ndiyo iliyomfungulia mlango mkopeshaji huyo, na hakuna operesheni ya polisi iliyoweza kuufunga kwa muda mrefu, maana aliyemleta ni njaa ya miezi ya katikati.

Ghala, mnada na malori ya jeshi

Tangu msimu wa 2007/08 ulianza mkoani Mtwara mfumo wa stakabadhi ghalani, chini ya sheria ya mwaka 2005. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, chama huzipeleka ghala kuu, kisha vyama vikuu, TANECU kwa Tandahimba na Newala na MAMCU kwa Masasi na Mtwara, huziuza kwa mnada. Katika miaka ya mwanzo mkulima alilipwa sehemu kwanza, na sehemu ya pili baada ya mnada. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na malipo ya pili yalikuwa na daftari ambalo mkulima hakulisoma. Makato yaliongezeka, malipo yakachelewa, na mwezi Aprili 2013 huko Liwale, mkoa jirani wa Lindi, hasira juu ya malipo ya korosho iliishia katika nyumba kuchomwa moto. Pamoja na kasoro hizo, mnada ulifanya jambo ambalo mnunuzi mmoja hakulifanya: uliitaja bei hadharani, mbele ya wakulima. Msimu wa 2017/18 bei ilifikia takriban shilingi 4,000 kwa kilo, na mavuno yakafika tani 313,000, zaidi ya mara mbili ya kilele cha 1973/74.

Mwaka uliofuata ulionyesha jinsi fanaka hiyo ilivyokuwa nyepesi. Mwezi Juni 2018 sheria ya fedha iliuhamisha ushuru wote wa korosho ghafi zinazokwenda nje ukaingia mfuko mkuu wa serikali, ingawa awali sehemu kubwa ilirudi kuliendeleza zao lenyewe, zikiwamo pembejeo kama salfa. Wabunge wa kusini walipinga bungeni bila mafanikio. Mwezi Oktoba, katika minada ya kwanza, bei zilizotajwa hazikufika shilingi 3,000, na wakulima wakakataa kuuza. Mwezi Novemba Rais John Magufuli aliwaondoa mawaziri wa kilimo na biashara, akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na akaliagiza jeshi lizichukue kwa malori yake. Watu wengi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwani bei ilikuwa imeinuliwa kwa neno moja. Lakini kununua ni nusu ya biashara. Uhakiki wa wenye mashamba ulichukua miezi, malipo ya wengi yakachelewa, mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni moja ya Kenya ukavunjika, na korosho zikakaa ghalani zikisubiri mnunuzi. Msimu wa 2019/20 mnada ukarudi.

Tangu hapo salfa na viuatilifu vimegawiwa kwa ruzuku ya serikali, minada imehamia katika mfumo wa kielektroniki, na msimu wa 2024/25 nchi ilivuna zaidi ya tani 500,000. Lakini sehemu kubwa kabisa ya korosho hizo ingali inaondoka na ganda lake, kuelekea India na Vietnam. Serikali imetangaza nia ya kuzibangua zote nchini. Nia hiyo si mpya, na maghala yaliyozaliwa yakiwa viwanda ni mashahidi wa Masasi na Newala kwamba nia peke yake haibangui korosho.

Umri wa mti na umri wa amri

Swali la mwanzo sasa linaweza kujibiwa. Ardhi ndiyo iliyoamua ni zao gani. Hakuna serikali iliyoweza kuifanya Nachingwea kuwa nchi ya karanga kwa amri, na hakuna iliyohitaji amri kuifanya Newala kuwa nchi ya korosho. Lakini ardhi haikuamua ni kiasi gani, wala nani ale faida. Hayo yaliamuliwa na watu: mahali mkulima alipoagizwa kulala, siku salfa ilipofika, idadi ya wanunuzi waliosimama mbele ya gunia lake, na mahali ganda lilipovunjwa.

Fauka ya hayo, kuna tofauti ya umri ambayo haikutazamwa vya kutosha. Mkorosho hungoja miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa vizuri, kisha huzaa kwa miongo. Mti uliopandwa Newala katika miaka ya 1950, na ambao huenda bado unaokotewa korosho, umeuzwa kwa mfanyabiashara wa Kihindi, kwa bodi, kwa chama cha ushirika, kwa mamlaka, kwa bodi tena, kwa mnunuzi huria, kwa ghala, kwa jeshi, na kwa mnada usio na uso. Kila utaratibu ulikuja na hoja zake, na baadhi ya hoja hizo zilikuwa njema. Lakini hakuna utaratibu hata mmoja uliodumu umri wa mti, na kila ulipobadilika, aliyebaki kusafisha chini ya mkorosho huo huo, bila kujua Oktoba itamletea mnunuzi gani, alikuwa mkulima.

Wazee waliopanda juu kwenye kichaka kikavu ili mtoto wa tatu aishi walikuwa wakipanga kwa ajili ya kizazi. Sera ya korosho itakayoifaa Masasi na Newala ni ile itakayokubali kupimwa kwa kipimo hicho: itangazwe kabla ya maua, idumu baada ya mavuno, na mtu aliyepanda mche leo aweze kumwambia mwanawe atauza wapi, na kwa masharti gani, siku utakapozaa.